Ruta Isiyoumwa

Mzee Waya hakuwahi kukubali kwamba kitu kimekufa mpaka akifungue na kukiona utumbo wake. Jina hilo alipewa na wateja enzi za kibanda chake cha kutengeneza redio, likamganda hata alipostaafu na kuhamishia bisibisi zake kwenye meza ya sebuleni. Nyumbani kwake feni ilisimama kwa miguu ya kiti, pasi ilikuwa na waya wa birika, na birika lilikuwa na waya wa kitu ambacho hakuna aliyekikumbuka tena. Vyote vilifanya kazi. Mgeni aliyethubutu kusema "si ununue kipya tu" alijibiwa usiache mbachao kwa msala upitao, na chai yake ilichelewa kidogo.

Ruta, kile kisanduku cha kugawia nyumba intaneti, nayo ilikuwa ya siku nyingi. Ilikaa juu ya kabati la vyombo, na antena yake moja ilikuwa imezungushiwa utepe mweusi. Aliifunga mwenyewe wakati binti yake anaanza chuo. Sasa binti alikuwa mkalimani. Alijifungia chumba cha nyuma na vipokea sauti masikioni, daktari upande mmoja wa kioo cha kompyuta, mgonjwa upande wa pili, naye katikati akiyageuza maneno ya huyu yaeleweke kwa yule. Ni kazi isiyovumilia picha kuganda. Daktari akiuliza maumivu yako wapi na mgonjwa akanyoosha kidole, kidole hicho sharti kionekane.

Picha ziliganda. Ziliganda asubuhi, zikaganda zaidi jioni televisheni ikiwashwa. Mkalimani aliomba radhi mpaka radhi zikamchosha, na siku moja wakiwa mezani akasema, macho kwenye sahani, "Baba, nimepata nyumba ya kupanga ng'ambo ya mji. Mwisho wa mwezi nahamia huko."

"Kwa nini?"

Alisogeza sahani pembeni. "Intaneti ya hapa inanitesa."

Tangu mama yake afariki, nyumba ilikuwa yao wawili. Mzee Waya aliogopa kubaki na kuta, aliogopa sana, lakini aliposikia neno intaneti moyo ukamtulia. Kumbe ni hilo tu! Ugonjwa ukishajulikana jina, kilichobaki ni dawa.

Kwanza alimlaumu jirani, kwamba anawaibia mtandao. Kisha mawingu. Kisha akaipigia simu kampuni ya intaneti na kuisema vibaya mpaka wakamtuma fundi wao, mwanamke wa makamo mwenye begi mgongoni na haraka usoni. Fundi alichomeka kompyuta yake moja kwa moja kwenye kijisanduku cha ukutani na kuigeuza mzee aone. Namba za kasi zilipanda vizuri. Kisha akapima tena kwa kupitia ruta, nazo zikaporomoka.

"Intaneti inafika hapa imeshiba, mzee wangu," alisema. "Inakondeshwa na hii."

"Hii haina kosa lolote. Taa zote zinawaka."

"Zinawaka, ndiyo. Sisi tumeongeza kasi mara kadhaa tangu uinunue, lakini yenyewe inapitisha kile ilichoumbiwa kupitisha, basi. Wakati ule nyumba ilikuwa na kompyuta moja. Sasa kuna simu, televisheni, kompyuta ya kazi, vyote vinadai. Ni kama duka lenye muuzaji mmoja: anahudumia kwa zamu, na foleni iko nje. Na hivi vyombo vipya vinazungumza kwa haraka, yenyewe inajua mwendo wa zamani tu, basi vinaushusha mwendo viifuate."

"Kwa hiyo imeharibika."

"Haijaharibika. Imezeeka."

"Si kulekule?"

"Hapana, si kulekule," alisema fundi, akafunga zipu ya begi na kwenda zake.

Mzee Waya alimsikitikia. Mafundi wa siku hizi, alijiambia, wanafundishwa kuuza. Akaitandikia ruta gazeti mezani na kuifungua. Ndani alikuta vumbi la kutosha kupanda mchicha, na katikati ya vumbi, kapasita moja, kile kikopo kidogo cha kutunza umeme, iliyovimba kichwa. Alicheka peke yake. Imezeeka, eti! Alitoa kapasita nzima kwenye redio mbovu, akailehemu kwa mkono usiotetemeka, akarudia viungo vyote vilivyochoka, akatoboa matundu ya hewa ubavuni na kufunga kifeni kidogo. Ilikuwa kazi safi. Angekuwa na mwanafunzi angemwita atazame.

Aliiwasha. Haikupata joto hata chembe. Taa zilitulia. Akaenda kusimama mlangoni kwa binti yake, na kwenye kioo akamwona mama mmoja mgonjwa aliyefungua mdomo na kubaki vilevile, mdomo wazi, kama mtu aliyeahirisha kupiga chafya.

Alirudi mezani akachukua mita na kupima kiungo kimoja baada ya kingine. Kila kitu kilikuwa sawa. Alipima upya, akitamani akute kosa, akalikosa. Sikio la kufa halisikii dawa, hilo alilijua tangu utoto, lakini hili wala halikuwa linaumwa. Miaka yote ya kazi hakuwahi kuwa na kitu kizima kabisa mikononi ambacho hakitoshi. Aliona aibu, ingawa hakuna aliyekuwa akimtazama.

Kesho yake alikwenda dukani. Kipya kinyemi ingawa kidonda, ndivyo alivyozoea kuwacheka wengine. Siku hiyo alirudi na boksi ndani ya kikapu, amelifunika kwa mboga majirani wasilione. Akasoma karatasi ya maelekezo, jambo ambalo mkewe hakuwahi kufanikiwa kumfanya alifanye. Akafunga ruta mpya, akawasha na televisheni makusudi.

Binti alifanya kazi zamu nzima mlango ukiwa umefungwa. Alipotoka, baba alikuwa amekaa anamsubiri, hata chai hajanywa.

"Haya, lete habari."

"Haijaganda hata mara moja. Nimesikia mpaka mtoto wa mgonjwa anavyopumua." Alitabasamu. "Asante, Baba. Najua ilivyokugharimu."

"Basi mpigie huyo mwenye nyumba, umwambie atafute mtu mwingine."

Binti alivuta kiti akakaa. Hakuchukua simu.

"Au ya kwake ina kasi zaidi?" aliuliza Mzee Waya. "Huko kwake kuna ruta gani?"

"Huko hakuna, Baba. Intaneti haijafungwa bado."

Mzee Waya alinyoosha mkono akaipunguza sauti ya televisheni.

"Nataka kukaa kwangu," alisema binti taratibu. "Ni hilo tu. Nilipotaja intaneti nikaona umefurahi, nikashindwa kuendelea."

"Mbona hukuniambia ukweli? Kama kuna kitu hapa hakikupendezi, tungekirekebisha."

"Ndiyo maana sikusema. Hakuna cha kurekebisha."

Ilimuuma kuliko alivyotegemea. Alimtazama mwanawe, mtu mzima, mzima kabisa, na hakuona pa kuanzia. Alikunywa chai iliyopoa mpaka chini. Kisha akamuuliza kitanda chake kitahitaji watu wangapi kukibeba.