Kreni Namba Nne

Kazi yangu hapa bandarini Constanța ni kupima: kreni zetu zinashusha makontena mangapi kwa saa, na wenzetu wa nchi nyingine wanashusha mangapi. Vuli ile kampuni moja ya meli ilikuwa inachagua pa kuleta meli zake kubwa, kwetu au bandari moja ya Ugiriki. Zikija kwetu, zamu mpya ingefunguliwa, na mume wangu Neculai, dereva wa kreni aliyekwenda kufanya kazi bandari hiyohiyo ya Ugiriki, angerudi nyumbani. Mwaka wa tatu sasa. Nimechoka kulala na mto, nasema wazi.

Basi nikaikalia ile hesabu kufa na kupona. Nikagundua Wagiriki wanaondoa kwenye hesabu saa za upepo mkali, saa ambazo kreni husimama. Sisi hatuondoi, ndiyo maana kila mwaka tunaonekana wazembe. Nikaondoa na zetu. Bosi wangu, Tudorache, akanitania kwamba mapenzi yamenifundisha hesabu. Nikamwambia anywe kahawa yake.

Kreni zao tatu zikatoka sawa na zetu. Ya nne ilituacha mbali kabisa, na mimi kila Jumapili nasikiliza simu ya mume wangu akijisifia hiyo namba nne yake. Aliyekuwa anatushinda ni Neculai.

Kampuni ya meli ilikuwa ipime bandari zote mbili mara ya mwisho, wiki moja tu. Jumapili alipopiga nilikuwa nakaanga dagaa. Nikamweleza yote, kisha nikamwomba jambo gumu kwa mwanamume anayeringia kazi yake: wiki hiyo aende polepole.



"Neculai, upo?"

"Nipo. Sidhani kama nitaweza, mama."

"Acha maringo. Nani anakupigia makofi huko juu?"

"Si maringo. Nikienda polepole nakuwaza. Nikikuwaza mikono inatetemeka, na chini kuna watu. Ndiyo maana nakimbia."

Nikazima jiko. Hasira zote ziliniisha, nikabaki na kilio tu.

"Basi kimbia," nikamwambia. "Usije ukamwangushia mtu kontena."

Meli zilikwenda Ugiriki. Tudorache akaja mezani kwangu na karatasi zake, akataka nimweleze wale watu wana nini ambacho sisi hatuna.

"Wana dereva mmoja," nikasema, "anayekumbuka kwao."