Sensa ya Nyaya Tano

...na isiangalie chini, alijikumbusha Fundi Sikio, amelala chali juu ya katoni lililolowa oili, gari la shemeji yake likiwa limepandishwa kwenye stendi nne na bomba la moshi liko shubiri moja kutoka puani mwake, sensa ya oksijeni ikiangalia chini inakusanya maji ya mvuke na kufa kabla haijasema neno, ndiyo maana nati yake ameichomelea ubavuni mwa bomba, juu kidogo, pale ambapo moshi wa silinda zote nne umeshachanganyika, na sasa kazi iliyobaki ni ya vidole tu, kupaka grisi ya shaba kwenye hesi bila kugusa ncha, kuizungusha kwa mkono mpaka ikubali yenyewe, halafu ndiyo spana, kazi ya dakika tano, na tayari dakika tano hizo zimekuwa kumi na tano kwa sababu mikono haitaki... Viatu vya shemeji vilikuwa karibu na gurudumu la mbele, viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi asubuhi hii hii, shemeji ni mpima ardhi na hata anaposimama unaona amesimama kwa digrii, na alikuwa anaongea, anaongea tangu alipofika, sauti yake ikishuka chini ya gari vipande vipande kama karatasi iliyochanwa, "...mba ikitokea kwenye geji... andika... mi sibaha... shemeji," na Sikio akajibu, "Ndiyo, ndiyo," kama anavyowajibu watu wote siku hizi, ndiyo ya kwanza ya kuonyesha amesikia na ya pili ya kuwazuia wasirudie, mbinu ambayo mpaka sasa haijamwangusha sana, isipokuwa mara ile mkewe alipomuuliza kama amenenepa, ndiyo ndiyo, akanuniwa siku mbili, na asijue kwamba amenuniwa mpaka siku ya pili jioni.

Sensa ilikataa hesi ya kwanza, akaitoa, akaifuta, akaanza upya, taratibu, usiilazimishe, hesi ikiharibika hapa ni kukata bomba zima... nyaya zake tano zilimlalia kifuani, zile za sensa ya zamani zilikuwa chache na akili yake ilikuwa chache, ilijua maneno mawili tu, petroli imezidi, petroli imepungua, basi, na kwa gari la kwenda kazini na kurudi hayo yanatosha, lakini gari lililotiwa turbo ya kuisukumia engine hewa linataka kuambiwa imepungua kiasi gani, na hii ya nyaya tano inasema kwa namba, mpaka nukta, haina aibu wala haimjui mtu. Koleo, fundi mwenzake, alisema tangu mwanzo. Tufunge ya nyaya tano kwanza kaka, ndipo tulipimie petroli yake, alisema hivyo mbele ya watu, naye Sikio akashika ndewe ya sikio lake la kulia akasema sensa ninayo hii hapa, na gereji nzima ikacheka, na shemeji pia alicheka ingawa ni mtu wa vipimo, maana nani angebishana na Sikio, mtu aliyekuwa akiinama juu ya boneti mara moja tu na kusema silinda ya tatu, plagi imechoka, na plagi ya silinda ya tatu inatolewa na kweli imechoka, miaka ishirini na sita, madereva wakiwaleta wenzao kuja kumwona kama wanaleta watu kwenye maonyesho... na siku ile ya kupima alilisikiliza gari hili barabarani, madirisha wazi, shemeji kwenye usukani, punguza petroli, punguza tena, bado halilalamiki, alilisikiliza kwa makini kuliko gari lolote maishani mwake na likamnyamazia, na yeye akauita ule ukimya uzima.

Engine inapogonga kwa kupungukiwa petroli hutoa mlio mwembamba, ting, ting, kama sarafu ndani ya mkebe. Milio myembamba ndiyo iliyotangulia kuondoka. Ndege walianza, hakuwakumbuka, nani anakaa kuhesabu ndege, kisha simu, kisha filimbi ya birika, kisha mjukuu wake akawa anafungua mdomo na kuufunga, na mahali pa vyote hivyo ukaja mlio mmoja wa ndani, mrefu, usiolala, kama taa ya mrija inayotaka kuungua... ngurumo bado anazipata, gari likinguruma kifua kinamwambia, lakini ting haikufika, na petroli akaipunguza mpaka engine ikawa inajichoma yenyewe, na wiki moja baadaye, kwenye mlima, shemeji analipita lori na dada yake amekaa kando yake, dada yake ambaye ni mke wa Sikio, pistoni ya pili ikatoboka, gari likazima katikati ya barabara, dereva wa lori akakanyaga breki na mwingine aliyekuwa anashuka mlima akaingia mtaroni, hakufa mtu, mke alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake miguuni mpaka giza likaingia.

Alipofungua engine aliona. Tundu dogo jeusi, kingo zimeyeyuka. Mtu yeyote aliyeshika spana mwaka mmoja angejua, hewa nyingi petroli chache, na walikuwa wamesimama pale wote, shemeji, mafundi wa jirani, Koleo na kitambaa chake mkononi, wote wanangoja Sikio aseme, na Sikio akasema, pampu. Pampu ya petroli imefungwa ovyo. Na pampu aliifunga Koleo. Miaka kumi na tisa kwenye gereji moja, wamekula sahani moja, na alimwambia nenda, mbele ya watu, sitaki mtu wa kuniulia watu, na Koleo akamtazama kidogo, akasema, "Sawa, kaka," akavua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya benchi kama inayosubiri kupigwa pasi... wiki iliyopita alikutana naye nje ya ghala la unga, anabeba magunia, mtu wa miaka hamsini na mbili, nyusi nyeupe za unga, na ni Koleo aliyemwona kwanza, akatua gunia, akaja upande wa kulia, akamgusa begani.

Akamgusa begani... Spana ikasimama. Hakumwita. Barabara haikuwa na watu, angeweza kumwita, kila mtu huita, lakini Koleo alizunguka mpaka upande wa kulia, akamgusa, akangoja ageuke, akasimama pale mdomo wake unapoonekana, ndipo akasema habari za siku nyingi kaka, polepole, na Sikio alizisikia zote, salamu nzima, akaona raha kidogo bila kujua sababu. Tangu lini Koleo anagusa? Akarudi nyuma, mwaka jana, kabla ya turbo, kabla ya yote, Koleo anainua spana juu aione badala ya kumuuliza ipi, Koleo anapokea simu yake na kumwambia mteja fulani kapiga, Koleo amesimama mbele ya boneti na kidole kimoja hewani, ongeza, punguza, zima... alikuwa anajua. Alijua mwaka mzima na hakusema kwa mtu, na siku ile na kitambaa chake mkononi alikuwa na sentensi moja tu ya kujiokoa, huyu mzee hasikii, maneno matatu, na mafundi wote wangegeuka, naye akasema sawa, kaka.

Viatu vilisogea. "...peleka kupi... zima... ulijua?"

"Ndiyo, ndiyo," akasema Sikio.

Viatu vikatulia, vilitulia vibaya, vidole ndani ya ngozi vimejikunja, na Sikio akajua kwamba amejibu kitu, akaanza kukiokota kipande kwa kipande kama anavyofanya usiku kitandani, peleka kupi, kupima, amepeleka kitu kupimwa, mtu wa vipimo atapeleka nini, zima, zima, ni nzima... pampu. Ile pampu nimeipeleka kupimwa, ni nzima, ulijua? Ndiyo. Ndiyo. Mara mbili.

Shemeji akachuchumaa, goti moja chini bila kujali suruali, uso wake ukatokea kati ya sakafu na mlango, umelala upande, mweusi dhidi ya mwanga wa saa nne, lakini mdomo ulionekana. "Sasa Koleo ulimfukuzia nini, shemeji?"

Hiyo aliipata yote. Hakuwa na hasira, angalau angekuwa na hasira, aliuliza kama anayeuliza mpaka wa shamba uko wapi, na Sikio akafikiri juu ya geji iliyo juu yake kwenye dashibodi, na jana alivyosimama hapa peke yake akitaka kuongeza presha ya petroli kwa kukaza skrubu robo mzunguko, kabla gari halijawashwa, ili namba itoke nzuri na isimseme mtu, akaona alivyokuwa mdogo, mtu mdogo kabisa mwenye jina kubwa, na ulimi wake ukafunguka wenyewe, ukasema neno ambalo hajamwambia mke wala daktari wala Mungu.

"Sisikii," akasema.

Kifua kikamwachia. Alisubiri uso ubadilike, huruma au dharau, chochote kile, alikuwa tayari kusema tangu lini, na ndege, na simu, na kwamba waende sasa hivi ghalani wote wawili.

Shemeji akakunja uso, akaelekeza kidole gumba nyuma ya bega, kwenye karakana ya jirani, ya milango ya chuma. "Hata mimi," mdomo ulisema. "Grinda hiyo. Tumngoje amalize."

Sikio akasikiliza. Kwake hakukuwa na grinda. Kulikuwa na ule mlio wake wa ndani tu, na gari juu yake, na shemeji aliyeinamisha kichwa na kufumba jicho moja kama mtu anayeumizwa na kelele, na akajua kwamba neno lile limeshatoka na limekwenda bure, na kwamba kulitoa mara ya pili kunataka nguvu ambayo alikuwa nayo dakika moja iliyopita na sasa hanayo, na kwamba hata akilitoa, Koleo anabeba magunia miezi miwili sasa na mgongo haurudishwi... akaishika sensa, ikazunguka robo, ikakaza, na akabaki anautazama uso wa shemeji, maana hakuwa na njia nyingine ya kujua kelele zitakwisha lini.