Mabuti ya Haifa ya Theluji

Mie watoto wangu nawanunulia nguo kubwa, na sioni haya kulisema. Mama yangu alitununulia kubwa, na mama yake naye vivyo hivyo. Mtoto anakua, nguo haikui. Sasa ununue ya kumkaa sawa leo, Sikukuu ijayo iwe imembana kwapani, hiyo akili au matope?

Basi mwaka 2003 binti yangu Haifa akarudi skuli na habari kwamba darasa lao linakwenda Austria kuteleza thelujini. Na yeye hataki zile fito mbili za skii, anataka ubao mmoja, ule unaosimamia ubavu ubavu. Baba yake, Ameir, akacheka mpaka chai ikampalia. "Theluji si inaanguka bure hapa hapa mtaani kwetu Rayners Lane, mlangoni?"

Nikamwambia, we mzee, nyamaza. Mtoto ana miaka kumi na minne na tangu tufike Uingereza hajaomba kitu. Wenzake wanalilia simu, wanalilia raba za jina. Yeye ukimuuliza unataka nini, anakwambia, "Chochote, Mama, sawa tu." Leo ameomba, mie nimkatalie? Hata kama ni jambo la wazimu, atakwenda.

Safari tulikuwa tumeshailipia kidogo kidogo. Kilichobaki vifaa. Nilikwenda duka moja Harrow, nikageuza kikaratasi cha bei kwenye jaketi, nikakirudisha pole pole na kutoka bila ya kuaga. Ndipo nikamkumbuka rafiki yangu Nurjehan, mzaliwa wa Mombasa, anayeuza nguo za mkono wa pili Kenton. Akaniwekea jaketi la manjano, suruali isiyopitisha maji, na mabuti ya kuvalia ubao, meusi, mazito, kama mapya.

"Lakini makubwa haya, Time," akaniambia. "Yanampita saizi mbili."

"Ndo vizuri! Atayavaa mpaka amalize skuli."

Haifa akayajaribu sebuleni. Nikabonyeza ncha kwa dole gumba, nafasi tele. "Sawa?" nikamuuliza. "Sawa, Mama," akanijibu kwa Kiingereza chake, akanibusu. Roho yangu ikawa kwatu, ikatulia.

Kabla ya safari, skuli ikawa inawapeleka kujifunza Uxbridge, kwenye kilima kilichotandikwa plastiki yenye miba miba kama brashi ya kusugulia sakafu. Mwalimu wao alishasema: atakayefika somo la mwisho hajaweza kushuka na kusimama mwenyewe, Austria haendi na ubao, atabaki chini akitazama wenzake. Jumamosi ile lilikuwa somo la kabla ya mwisho. Mie sikuwa na zamu kazini, kwa wazee ninaowahudumia, nikamfuata.

Lahaula! Kuanguka gani kule? Wenzake wanakata kulia, wanakata kushoto. Wangu anageuza mguu, ubao hauna habari naye. Anakwenda kifudifudi, anainuka, anajipangusa, anarekebisha ushungi chini ya helmeti, anaanguka tena. Nimeshika uzio nasoma kila dua ninayoijua. Mwisho akaja kwangu na ubao mkononi, uso umemuiva.

"Sendi tena," akasema. "Siwezi, Mama. Si kitu. Sawa tu."

Hiyo "sawa tu" ikanichoma, na mie nikichomwa sikai kimya. Nikamshika mkono mpaka kaunta ya kukodisha vifaa. Alikuwapo kijana wa Kisikh, kilemba cha buluu, jina liko kifuani: Avtar. Nikamwambia mbao zenu mbovu, zinamuua mwanangu.

Hakubishana nami. Alipiga goti, akamwambia Haifa, "Inua kisigino." Kisigino kikapanda, buti likabaki pale pale. Akafungua kamba, akavua buti. Ikatoka soksi. Ndani ya soksi, soksi. Ndani yake, nyingine. Akatia mkono kwenye ncha ya buti akatoa kitambaa changu cha jikoni, nilichokitafuta wiki nzima, kimekunjwa kama maandazi.

"Anti," akaniambia kwa upole, "mguu unauambia ubao geuka, lakini buti halisikii. La ubao linatakiwa limkamate, vidole viguse mbele. Kubwa halifai."

Nikamgeukia Haifa. "Ulijua?"

Akaokota soksi zake, akaanza kuzikunja.

"We Haifa, nasema na nani? Ulijua kama makubwa?"

"Nilijua."

"Sasa ulimi umekwenda wapi? Uko radhi uvunjike shingo kuliko kuniambia mie mama yako?"

Akatazama chini. "Mara ya mwisho nilipokwambia kiatu hakinikai, ulilia."

"Nililia? Lini?"

"Tulipofika. Viatu vya skuli. Ulikaa kwenye kiti cha dukani ukalia, watu wote wanakutazama. Nikajiambia basi, sitasema tena."

Duka silikumbuki, wala viatu. Ninachokumbuka ni mwaka ule wenyewe: Ameir bado yuko Pemba anangoja viza, na mie nalia kwa kila kitu, nalia hata basi likichelewa. Kumbe mtoto wa miaka saba alisimama mbele yangu akadhani ni yeye aliyeniliza, kwa viatu vyake. Akafunga mdomo tangu siku ile. Na mie nikizunguka kwa watu najisifu, Haifa wangu mpole, hana makuu, umpacho anapokea. Yarabi, niliumia.

Nikamkumbatia, helmeti ikanigonga kidevu. "Nisikilize, mwanangu. Mie nikilia, machozi ni yangu, yana sababu zake. Hukuniliza wewe. Kazi yako wewe ni kuniambia wapi panakubana, basi."

"Na ukilia tena?"

"Utanipa kitambaa. Si hicho hapo ulichoniibia?"

Akacheka huku analia. Avtar masikini akajitia anatafuta kitu chini ya kaunta. Alipoinuka alikuwa na sanduku la mabuti yaliyokodishwa mwaka jana, sasa wanayauza rahisi. Akatushauri ubao tusinunue kabisa, tukodi huko huko mlimani, na kama kuna pesa ya kutumia tuitie kwenye mabuti na glavu. Yale yetu makubwa akayapokea, akatupunguzia bei.

Haifa akavaa ya kwanza. Dole gumba langu likaenda lenyewe kwenye ncha, nikalirudisha.

"Vipi?"

"Sawa t..." Akanitazama, akakatisha. "Yananibana kifundoni."

Jamani! Nilitaka kupiga kigelegele. "Lete mengine!" nikamwambia Avtar.

Ya pili, akasema yananuka. Kweli yalinuka. Ya tatu alisimama, akainua kisigino, na buti likainuka pamoja naye. "Haya," akasema. "Haya ndiyo."

Akarudi kilimani. Alianguka mara mbili. Ya tatu ubao ukageuka alikotaka yeye, akashuka mpaka chini, akasimama mwenyewe, mikono juu. Mie nimeshika uzio machozi yananimwagika, na aliniona, wallahi aliniona. Akanipungia mkono, akabeba ubao wake akapanda tena.

Kwenye treni ya kurudi akaanza. Jaketi la manjano halipendi, anafanana na mtu wa kutengeneza barabara. Sambusa za skuli nimtilie mbili, si nne, anachoka kuwagawia wenzake. Nisimwite kwa sauti kubwa getini kwa skuli. Na kile chumba chake kina baridi tangu tuhamie.

"Tangu tuhamie!" nikasema. "Jengine?"

Akanitazama usoni kwanza, vizuri, kama anayepima. Kisha akavua glavu, akajiegemeza begani kwangu, akaendelea.