Halili ya Bwana Yakub

Nusifa wa Bugembe alipofungua mzigo ulioletwa na basi kutoka Mbale, alikitupa kitambaa kitandani. Jumamosi binti yake Mariat angemtambulisha mchumba wake mbele ya wazee, na gomesi, vazi la heshima la siku hiyo, ilitakiwa ishonwe kwa hariri. Hii iliyokuja ilikuwa nailoni ya kukwaruza ngozi. Alikuwa amemsikia Bwana Yakub akijinadi redioni: piga simu, mkabidhi kondakta fedha, hariri itakufikia hukohuko uliko. Akapiga, akalipa. Kumbe kauziwa mbuzi kwenye gunia!

Hasira ikampandisha basi. Dukani Mbale, Yakub alimwonyesha kibao ukutani: Mali ikiuzwa hairudi.

"Tena maama, kwa simu wewe ulisema halili," akasema bila haya. "Halili ndiyo hii. Hariri ni kitu ingine."

Ni kweli, ulimi wa Nusifa haukuwahi kutenganisha r na l, wala haukuwahi kumtia hasara. Karibu alie. Lakini Musoga, mtu wa Busoga kama yeye, halii mbele ya mwenye duka. Alimburuta Yakub hadi kwa mwenyekiti wa mtaa, Bi Nabifo, aliyezoea kuamua kesi ndogondogo barazani kwake mbele ya majirani, huku akichambua malewa, machipukizi ya mianzi, ya kupika mchana.

"Kibao si sheria, Yakub," alisema Nabifo. "Anayenunua kwa simu haoni kitu, ananunua maneno yako. Mzigo usipofanana na maneno, unarudi. Sheria ndiyo hiyo."

"Lakini neno lake ilikuwa halili!" Yakub akapaza sauti. "Mwenyekiti, mimi si mwizi! Miaka yote mimi nafanya biashala safi!"

Nabifo akaweka malewa chini.

"Unafanya nini?"

"Biashala!"

"Leseni yako ni ya biashara. Hiyo ya biashala umeipata wapi?"

Baraza zima liliangua kicheko. Yakub alijaribu kukunja uso, ukamshinda, akacheka mpaka akashika ukuta. Mjanja alikuwa, lakini si mtu wa kununa. Alikwenda dukani mwenyewe, akarudi na hariri ya zambarau, laini, ikiteleza mikononi.

Nusifa aliipapasa, akaiweka shavuni. Furaha ilimjaa hata akasahau kuwa yuko ugenini, akapiga vigelegele peke yake pale barazani. Wanawake wa Mbale, wasiomjua yeye wala Mariat, wakampokea kwa vigelegele vyao.