Ng'ambo ya Mto Hakuna Watu

Mhadhiri wa historia alikuwa akilibembeleza komeo la dirisha la ofisi yake Mgiriki alipoingia, amelowa hadi kiunoni. Mhadhiri alimtambua mara moja, maana alikuwa amekitafsiri kitabu chake chote cha kale cha safari za baharini, bandari kwa bandari. Akamwonyesha kiti. Mgiriki hakukaa. Alisema tangu afe, nchi kavu haijaacha kumyumbisha, akazunguka chumba akishikilia kabati za vitabu. Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha tafsiri, pamoja na makosa yake.

"Nimekuja kwa ajili ya ule mto," alisema.

Mhadhiri alijua ni mto gani. Mgiriki alikuwa ameandika: ng'ambo ya mto hakuna watu. Zama nyingi baadaye, halmashauri ya mji iliiokota sentensi hiyo ikaipeleka baraza la ardhi, kuthibitisha kwamba wakazi wa mtaa wa ng'ambo ni wavamizi wa juzi juzi. Huko ndiko alikoishi shangazi wa mhadhiri, aliyemlea, katika nyumba alimozaliwa shangazi huyo na baba yake na babu yake. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya uamuzi. Mhadhiri alikuwa na hofu, na hofu ilimfanya afungue na kufunga dirisha lile lile tangu asubuhi.

"Nililala kifudifudi siku nzima, natapika," alisema Mgiriki. "Jioni nikamuuliza mpishi wa meli ng'ambo kuna nini. Alikuwa anamenya vitunguu, hata kichwa hakuinua."

"Akasema hakuna watu?"

"Alisema hakuna wanunuzi. Kwetu ilikuwa mamoja."

"Si ungeandika hivyo hivyo, mzee wangu."

"Nilidhani nitasomwa na wafanyabiashara tu."

Siku ya uamuzi, barazani walimpa Mgiriki taulo, kwa sababu ya sakafu. Alitoa ushahidi akienda na kurudi, hata mwenyekiti akamwomba apunguze mwendo, karani alikuwa anapata kizunguzungu. Kisha akasimama Profesa, mtaalamu wa halmashauri, aliyewahi kumfundisha mhadhiri. Profesa alikuwa na akili nyingi, na akili zake zilikuwa na mwajiri. Alimpa Mgiriki mkono, akamwambia amefurahi sana kumwona baada ya kumsoma miaka yote hiyo.

"Lakini kitabu chako kinaungwa mkono na waandishi wengi waliofuata," alisema.

"Wote walininakili mimi."

"Ndiyo maana hawapingani."

Mwenyekiti alitikisa kichwa kukubali. Alisema marehemu ni binadamu, na kumbukumbu ya binadamu huchakaa, kitabu hakichakai. Mtaa uondolewe.

Mhadhiri alitoka na Mgiriki, wakavuka daraja. Shangazi alikuwa mlangoni anafunga magodoro kwa kamba.

"Ndiye huyu?" aliuliza.

"Ndiye, shangazi."

"Mwambie avue viatu, nimeshadeki."

Nyumba ilikuwa ivunjwe kesho yake, na ilikuwa imedekiwa. Mgiriki akavua viatu, akakalia kiti cha jikoni. Hapo ndipo ardhi ilipotulia chini yake kwa mara ya kwanza, akabaki ameduwaa kidogo, mikono magotini.

"Kusikia si kuona, baba," alisema shangazi, akamsogezea chai. "Ungeshuka tu ungekaribishwa."

Mgiriki aliomba karatasi. Aliapa kwamba safari hii ataandika alichokiona kwa macho yake tu, basi. Asubuhi akatoka na kiti chake, akakaa kando ya njia, akaandika polepole kama mwanafunzi: kizingiti kilicholika katikati kwa nyayo, kisima chenye mfuniko wa bati, mjane na cherehani yake. Tingatinga lilikuwa limeshaanza kubomoa upande wa mtoni. Mhadhiri alibeba vyombo, akaweka chini, akavibeba tena. Alilia bila kujificha, na hakuna aliyemwambia anyamaze, kwa kuwa kila mtu alikuwa na mzigo.

Alasiri gari la mizigo la mwisho liliondoka, mhadhiri na shangazi wakiwa juu, shangazi ameushika mlango wa kabati usifunguke. Mgiriki alifika mwisho wa ukurasa, akainua macho ili ahakikishe. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Kiapo ni kiapo. Alikata alichoandika kwa mstari mmoja, na chini yake akaandika kwamba ng'ambo ya mto hakuna watu.