Koti Jeupe la Jumapili

Miaka mitatu iliyopita barabara yetu haikuwa na maabara hata moja. Leo ziko saba, zote za kampuni binafsi, na zote zinatafuta watafiti. Binti yangu alipopata kazi kwenye ile yenye geti la bluu, nilishangilia mpaka jirani akaniuliza kama ni mimi niliyeajiriwa.

Nilikuwa na sababu. Miaka ishirini na sita nilipima gundi za mbao kwenye maabara ya serikali, na mama yake alipotutoka, mimi na binti tulibaki na mazungumzo hayo tu. Tangu yuko shule, mezani sikumuuliza ameshindaje. Nilimuuliza, "Leo umepima nini?"

Jioni ya siku yake ya kwanza kazini nikauliza kama kawaida.

"Baba, siruhusiwi kusema. Nimetia sahihi."

"Hata kwangu mimi?"

"Hata kwako."

Nikacheka. Tukala kimya. Kesho yake, kimya tena. Sitaficha, kiliniuma. Wiki ya tatu uvumilivu ukaniishia. Nikashika mkono wa koti lake la kazi, nikanusa, nikasema kwa mbwembwe, "Gundi ya wanga wa muhogo! Inachacha kabla haijashika. Imewashinda, eti?"

Hakucheka. Kijiko kilibaki hewani. "Baba, wakijua kwamba unajua, mimi ndiye nitakayefukuzwa."

Mwisho wa mwezi akahamia nyumba za kampuni. Alisema ni karibu na kazi. Kutoka kwetu hadi geti la bluu ni dakika kumi kwa miguu.

Sasa huja Jumapili, na koti lake kwenye mfuko, maana kutoa madoa ya gundi naweza mimi. Tunazungumzia mvua. Mimi na mvua wapi na wapi!

Jumapili iliyopita nilichukua koti niliroweke, nikalinusa. Uchachu hakuna, hata chembe. Kule serikalini tulihangaika na uchachu ule miaka kumi na moja, tukanyoosha mikono. Binti yangu ameuweza.

Nikarudi sebuleni nalo.

"Vipi, Baba?"

"Koti lako safi," nikasema. "Sioni cha kufua."

Akalitazama koti na madoa yake tele, akanitazama mimi, machozi yakamlengalenga. Kisha akasema mvua imechelewa mwaka huu.

Nikakubali kwamba imechelewa.