Kumi na Nane za Unywele

Karakana nzima ilimwita mjomba wangu Unywele, kwa sababu kila alichokipima kilikuwa kimezidi unywele au kimepungua unywele. Kilichokaa sawasawa hakukisifia. Alikiweka mezani, akakitazama kidogo, akaenda kunawa. Kwa miaka ishirini na miwili aliendesha mashine moja ya kuchonga chuma, dubwana la kijani lenye kisanduku cha kuiongoza pembeni. Kisanduku kilipoungua, waliokiunda walijibu kwamba hawakitengenezi tena, ila wangefurahi kutuuzia mashine mpya.

Mwenye karakana tulimwita Bosi Kesho. Uombe glavu, feni au likizo, jibu lake lilikuwa hilo hilo. Safari hii tu ndiyo alikuwa na haraka: alishazungumza na wanunuzi wa vyuma chakavu, nao wangekuja Ijumaa saa nane. Mjomba angefunga virago siku hiyo hiyo, maana hapakuwa na mashine nyingine ya kumpa.

"Nipe mpaka hiyo Ijumaa," nilimwambia bosi. Mimi ni fundi wa kompyuta, kibanda changu kiko mtaa wa pili. "Ikichonga kitu kimoja kikakaa, unaiacha."

Alikubali, nadhani kwa sababu hakuamini. Kazi aliichagua mwenyewe: pete ya kushikilia mhimili wa mashine ya kukandia unga, ya kiwanda kimoja cha mikate. Vipande vya chuma vya kuifanyia vilikuwa viwili tu.

Nilichukua kompyuta kuukuu, nikapakua programu huria ya kuongoza mitambo. Programu ya aina hiyo haina mtu wa kukufungia mlango: unaichukua bure, unaifungua ndani, unasoma kila mstari, na ukiona penye kasoro unarekebisha na kuwapa wengine. Nilikwama mara tisa. Mara zote tisa niliuliza kwenye jukwaa lao mtandaoni, na mara nyingi alinijibu mtu mmoja nisiyemjua hata sura, kwa subira ambayo mimi sina. Jumatano meza ya mashine ikasogea. Mjomba alishika ukingo wake, akasema, "Haya." Kwake hiyo ni hotuba.

Alhamisi, alipokwenda kula, niliipima meza kwa geji. Mashine imezeeka. Skrubu ndefu inayoisukuma meza imelika, kwa hiyo kila inapogeuza mwelekeo huzunguka kidogo bure kabla meza haijafuata. Nilipata sehemu kumi na moja za mia za milimita. Nikaiandika namba hiyo kwenye faili la mipangilio, ili programu ifidie yenyewe. Sikumwambia mjomba. Nilitaka kumshangaza na, niseme ukweli, nilitaka sifa.

Ijumaa asubuhi aliandika mwenyewe maelekezo ya kuchonga tundu la pete, kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Sikuyasoma. Unywele hakaguliwi.

Tulipopima, tundu lilikuwa na vinundu vinne, kimoja kila robo ya duara. Hata bila vernia, kile kipimo cha mkononi cha mjomba, ungeviona. Mjomba alikitupa kipande kwenye pipa la chakavu. Ilikuwa saa nne na nusu.

"Programu yako hiyo," alisema.

"Programu inafanya ilichoambiwa, mjomba."

Nikafungua maelekezo yake kwenye skrini. Kile kisanduku cha zamani kilionyesha tarakimu tu. Programu hii inachora njia yote ya kisu. Nilivuta picha karibu. Duara lilikatika mara nne, na kila lilipokatika palikuwa na hatua ndogo ya kando, kama mshono kwenye shuka. Kila hatua ilikuwa ya kumi na nane za mia.

"Hizi ni nini?"

Alitazama mlangoni kwanza, kuona kama kuna mtu.

Ndipo nikaelewa, na sikupenda nilichokielewa. Bosi aliwahi kuleta waendeshaji watatu wa kuchukua nafasi yake. Wote walikuwa na vyeti, wote waliharibu chuma, wote waliondoka wameinamisha vichwa. Mjomba alikuwa akisema tu kwamba mashine hii ina wenyewe. Kumbe siri ilikuwa hatua nne ambazo hakuwahi kumwonyesha mtu. Kila robo ya duara, pale meza inapogeuza mwelekeo, yeye alifidia, na mimi nikafidia juu yake.

"Yule wa pili alilia," nilisema.

"Nakumbuka."

"Sasa njia ni mbili. Nifute ya kwangu, tuache zako. Pete itakaa na hakuna atakayejua. Au ufute zako, hesabu ifanywe na programu. Lakini kuanzia leo yeyote mwenye cheti ataiendesha mashine hii."

"Wewe umeandika ngapi?"

"Kumi na moja."

"Ulipima katikati, meza ikiwa tupu."

"Ndiyo."

"Basi haitakaa."

Alivuta kigoda akaketi. Nilimwacha. Ningeweza kumshawishi, lakini kazi iliyokuwa hatarini ilikuwa yake, siyo yangu.

"Huyo anayekujibu huko mtandaoni," alisema baadaye, "mnafahamiana?"

"Hapana."

"Na hukumpa kitu?"

"Nilimpa asante."

"Anakwambia yote?"

"Yote. Hata alivyowahi kuharibu yeye mwenyewe."

Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole, ingawa ilishakuwa safi.

"Andika," alisema. "Kulia, tunapochongea, kumi na nane. Katikati kumi na tatu. Kushoto kabisa tisa, huko haikutumika sana."

Alizitaja bila daftari. Kisha akasogea kwenye kompyuta, akafuta zile hatua zake nne mwenyewe.

Saa saba na nusu pete ya pili ilikuwa inamalizika. Kila robo ya duara meza ilisita, skrubu ikajivuta, kisu kikaendelea. Mjomba alisikiliza mikono ikiwa nyuma. Pete iliingia kwenye mhimili bila kugongwa. Bosi aliipima mara tatu, akaenda getini kuwarudisha wanunuzi wake.

"Sasa hata mtu mwingine anaweza kuiendesha?" aliuliza aliporudi.

Nilitaka kudanganya. Mjomba akaniwahi.

"Hata wewe, bosi."

"Vizuri sana. Tutazungumza kesho."

Alipotoka tulicheka mpaka mjomba akashika mbavu. Kesho za bosi yule tulizijua.

Jumamosi saa mbili asubuhi alikuja kweli. Alisema umri umekwenda, Unywele ametumika vya kutosha, sasa akapumzike. Mjomba aliitikia kwa kichwa, akachukua vernia yake na koti. Niliona uchungu, na bado ninao. Mlangoni aliniuliza jambo moja tu: kama zile namba nimeshazituma kule mtandaoni. Nikamwambia nimezituma jana, pamoja na jina lake.

"Jina lipi?"

"Unywele."

Alifikiri kidogo. "Ile ya kushoto uipime tena mwakani," alisema. "Itakuwa imelika."

Wiki iliyofuata mwendeshaji mpya aliniita. Hajaharibu kipande hata kimoja. Alikuwa amefungua faili la mipangilio, na kidole chake kilikuwa kwenye neno nililoliandika mbele ya ile kumi na nane.

"Unywele ndiyo nini?" aliuliza. "Kipimo?"

"Mjomba wangu," nilisema. "Usiiguse hiyo namba."